Baridi Yabisi Inapofika Moyoni

Mtu akisema ana baridi yabisi, sisi huangalia vidole vyake. Tunaona viungo vilivyovimba, mkono usioweza kukamua nguo, magoti yanayogoma kila asubuhi, na tunadhani tumeuona ugonjwa wote. Hata zahanatini mara nyingi mazungumzo huishia hapohapo: panauma wapi, tangu lini, haya chukua dawa ya maumivu. Hoja yangu ni kwamba mtazamo huo unagharimu maisha. Baridi yabisi ninayoizungumzia, ile ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, ni ugonjwa wa mwili mzima, na moja ya sehemu unazozishambulia bila kuonekana ni moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi na ugonjwa huu, takriban asilimia 70 wakiwa wanawake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliojumlisha tafiti 24 zenye wagonjwa zaidi ya 111,000, ulionyesha kwamba hatari yao ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu inaizidi ile ya watu wengine kwa nusu nzima. Kwa hiyo moyo wa mgonjwa huyu unapaswa kuchunguzwa mapema, kabla haujaanza kushindwa, na tiba yake kubwa ni kuudhibiti ugonjwa wenyewe. Kutuliza maumivu peke yake hakutoshi.

Upo ugonjwa mwingine wa moyo ambao Afrika Mashariki inaufahamu zaidi, nao usichanganywe na huu. Huo huanza utotoni kwa maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria, homa hufuata, na miaka baadaye vali za moyo hukutwa zimeharibika. Katika ugonjwa tunaouzungumzia hapa hakuna bakteria. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za mwenyewe, na kemikali zake huenea katika damu. Matokeo yake ni mchochota: sehemu hupata joto, huvimba, huuma, na hali hiyo ikiendelea miezi na miaka, sehemu hiyo huharibika. Goti limezungukwa ndani na utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Moyo nao umekaa ndani ya mfuko wenye kuta mbili laini, na katikati ya kuta hizo pana maji kidogo yanayouwezesha kudunda bila msuguano. Kemikali zinazozunguka katika damu haziulizi kama zimefika gotini au kifuani. Ndiyo maana mfuko wa moyo ndio unaoguswa mara nyingi zaidi. Lakini misuli ya moyo nayo inaweza kushambuliwa. Vali zinaweza kuota vinundu kama vile vinavyojitokeza chini ya ngozi ya kiwiko. Na vinundu hivyo vikiota penye njia za umeme wa moyo, mapigo yanaweza kupungua mno. Mishipa inayoulisha moyo damu nayo huanza kuziba mapema kuliko inavyotarajiwa kwa umri wa mgonjwa.

Ugumu ni kwamba moyo haulalamiki kama kidole. Vipimo vya eko, yaani picha za moyo za mawimbi ya sauti, pamoja na uchunguzi wa maiti, vimekuta alama za mchochota wa mfuko wa moyo, mpya au wa zamani, kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na katika tafiti nyingine zaidi ya hapo. Wanaopata dalili za kuwapeleka hospitali hawafiki 10 katika 100. Dalili zinapotokea huwa na sura yake: maumivu makali ya kifua yanayochoma, yanayozidi mtu akivuta pumzi kwa nguvu au akilala chali, na kupungua akiketi na kuinamia mbele. Wakati mwingine maumivu hupanda hadi begani, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mgonjwa wa baridi yabisi amezoea bega kuuma, na daktari wake naye amezoea kusikia hivyo. Pumzi kukata ni dalili nyingine kubwa ya moyo, lakini mtu mwenye magoti mabovu hapandi ngazi wala haharakishi kulikimbilia basi. Hajipi nafasi ya kukatwa pumzi. Moyo unaweza kudhoofika kwa muda mrefu huku yeye na jamaa zake wakiamini kuwa ni miguu tu inayomrudisha nyuma. Uchovu nao husingiziwa viungo, au umri, au kazi za nyumbani.

Kwenye misuli na mishipa mambo yamejificha zaidi. Watafiti wa New York waliwapima kwa picha za PET wagonjwa 119 wa baridi yabisi ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo uliojulikana. Karibu wanne kati ya kila kumi walionyesha dalili za mchochota katika misuli ya moyo, na kadiri viungo vilivyokuwa vimewaka ndivyo dalili hizo zilivyoongezeka. Katika wilaya inayozunguka mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, kumbukumbu za matibabu za wakazi zimetunzwa kwa miongo mingi, hivyo watafiti waliweza kuwafuatilia wagonjwa hawa na majirani zao wasio na ugonjwa. Wenye baridi yabisi walipata moyo kushindwa kufanya kazi karibu mara mbili ya wenzao, na tofauti hiyo haikuelezwa na presha, kisukari, uvutaji sigara wala unene. Kumbukumbu hizohizo zilionyesha pia kwamba wagonjwa hawa hupata mshtuko wa moyo wa kimyakimya, unaogunduliwa baadaye kwenye karatasi ya kipimo, mara nyingi kuliko watu wengine, ilhali maumivu ya kawaida ya kifua wanayalalamikia mara chache zaidi. Hili la mwisho ndilo linalonishtua kuliko mengine. Linamaanisha kwamba kumsubiri mgonjwa aseme kifua kinamuuma ni kusubiri kitu ambacho huenda kisije.

Msomaji makini atauliza: je, kila mwenye baridi yabisi apelekwe kwenye MRI au PET? Hapana, na sababu si gharama peke yake. Mara nyingi maji yanayokutwa kwenye mfuko wa moyo ni kidogo, hayana madhara, na hupungua yenyewe ugonjwa wa viungo unapotulia. Kumchoma mtu sindano ya kifua au kumwongezea dawa kali kwa sababu ya ukungu ulioonekana kwenye picha kunaweza kumdhuru kuliko maji yenyewe. Ninachokitetea ni kitu cha chini zaidi, na nadhani ndicho chenye faida zaidi: kila mgonjwa aulizwe kuhusu moyo kila anapokuja kliniki. Analala na mito mingapi? Miguu inavimba jioni? Moyo unapiga vibaya? Amewahi kuzimia? Shinikizo la damu lipimwe, kifua kisikilizwe kwa sikizi, mishipa ya shingo iangaliwe. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ni cha bei nafuu, hakiumi, na kinaonyesha mambo mengi kwa dakika chache. Anayeonyesha dalili yoyote apelekwe kwenye eko, ambayo ni mawimbi ya sauti yaleyale yanayotumika kumwangalia mtoto tumboni. Eksirei ya kifua isitegemewe peke yake, kwa kuwa kivuli cha moyo hakipanuki hadi maji yafike takriban robo lita.

Daktari husema kuna mchochota wa mfuko wa moyo anapokuta walau mambo mawili kati ya manne: maumivu ya kifua ya namna niliyoieleza, sauti ya msuguano kwenye sikizi, mabadiliko mahususi kwenye ECG, au maji mapya kwenye eko. Kipimo cha damu cha CRP kinaonyesha ukali wa mchochota mwilini, ingawa kwa mgonjwa ambaye viungo vyake vimewaka hakiwezi kusema mchochota huo uko wapi. Protini ya troponini ikipanda katika damu inaashiria kwamba misuli ya moyo inaumia, na hapo ndipo MRI inapostahili gharama yake, kwa kuwa inaweza kutofautisha misuli yenye mchochota na misuli iliyokufa kwa kukosa damu. Kuna dharura moja ambayo haisubiri kipimo chochote zaidi ya eko: maji yakijaa haraka hadi kuubana moyo, presha hushuka, mishipa ya shingo hutuna, mgonjwa hutweta na kutokwa jasho. Huyo huhitaji maji kuvutwa kwa sindano saa hiyohiyo. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi hali hii ni nadra, lakini inaua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juujuu na ambalo kwetu halipitiki hivyo. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu ni chanzo kikuu cha maji kwenye mfuko wa moyo katika sehemu zetu, hasa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mgonjwa wa baridi yabisi hana kinga ya pekee dhidi yake. Kinyume chake, dawa anazotumia zinaweza kukiamsha kikiwa kimelala. Na maji yenyewe yanafanana. Yale ya baridi yabisi huwa na protini nyingi na sukari kidogo, na ya kifua kikuu yanaweza kuwa hivyohivyo. Kimeng'enya cha ADA, ambacho maabara nyingi hukipima kutafuta kifua kikuu, kinaweza kupanda katika magonjwa yote mawili. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu, ikisema ndiyo, jibu ni la kuaminika, lakini ikisema hapana haijafuta uwezekano, kwa sababu vijidudu katika maji ya moyo huwa vichache. Daktari basi hulazimika kupima picha nzima: viungo vimewaka wiki hii au vimetulia? Kuna vinundu na kingamwili nyingi katika damu? Kuna kukonda, homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi, mtu wa nyumbani aliyetibiwa kifua kikuu? Kipimo cha virusi vya UKIMWI kifanyike bila kuona haya.

Haraka ya kutoa prednisoloni katika hali hii ndiyo kosa ninaloliogopa zaidi. Dawa hii ya jamii ya steroidi humpa mgonjwa nafuu ndani ya siku moja au mbili, iwe chanzo ni baridi yabisi au kifua kikuu, na nafuu hiyo hupokelewa kama uthibitisho wa ugonjwa. Si uthibitisho. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wagonjwa 1,400 wa kifua kikuu cha mfuko wa moyo katika nchi 8 za Afrika, ulionyesha kwamba prednisoloni juu ya dawa za kifua kikuu haikupunguza kwa jumla vifo na matatizo makubwa yaliyopimwa kwa pamoja. Ilipunguza mfuko kukakamaa na kuubana moyo, lakini ikaongeza saratani kwa wenye virusi vya UKIMWI. Hao walikuwa tayari wanapewa dawa za kifua kikuu. Anayepewa steroidi peke yake, huku kifua kikuu hakijatafutwa, yuko katika hatari kubwa kuliko hiyo.

Kifua kikuu kikishaondolewa katika hesabu, au kikishaanza kutibiwa, matibabu ya mchochota wa mfuko wa moyo yana ngazi zake. Ibuprofeni au dawa ya jamii yake hutumika kwanza ikiwa figo ni nzima na moyo haujashindwa. Kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, huongezwa kwa miezi 3 hivi. Jaribio la Italia la mwaka 2013 lilionyesha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mchochota kung'ang'ania au kurudi. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na baridi yabisi, lakini madaktari wa viungo wamekubali kuitumia kwa sababu madhara yake yanajulikana na kudhibitika. Prednisoloni hubaki kwa ambao hawakupona au wasioweza kutumia hizo, kwa kipimo kidogo kinachoweza kufaa, na hupunguzwa polepole. Kuikata ghafla ni hatari. Hapa nitasema wazi kuhusu diklofenaki, ambayo katika miji na vijiji vyetu hununuliwa dukani kama peremende. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya watu 1,000 wanaoitumia kwa kipimo cha juu kwa mwaka mmoja, takriban 3 zaidi hupata mshtuko wa moyo, kiharusi au tatizo jingine kubwa la mishipa, na mmoja kati yao hufa. Mwaka huohuo Ulaya ilizuia matumizi yake kwa wenye ugonjwa wa moyo. Mgonjwa wa baridi yabisi anayeimeza kila siku kwa miaka, bila dawa ya kuudhibiti ugonjwa, anaongeza hatari juu ya hatari, na mchochota wake haujaguswa.

Dawa zinazougusa ugonjwa wenyewe zipo, na ya kwanza kati yake ni methotrekseti. Huko Wichita, Kansas, wagonjwa 1,240 walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliotumia methotrekseti walikuwa na vifo vya moyo na mishipa pungufu kwa takriban asilimia 70 kuliko wasioitumia. Tafiti za baadaye zimetoa faida ndogo zaidi, karibu moja ya tano, lakini zimeelekea upande uleule. Mpinzani wa hoja yangu ana jibu zito hapa: jaribio la CIRT, lililofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2019, liliwapa methotrekseti watu karibu 4,800 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na halikuzuia mshtuko wa moyo wala kiharusi. Je, haliibomoi hoja? Naona linaifafanua. Watu wale hawakuwa na baridi yabisi, CRP yao ilikuwa chini tangu mwanzo, na methotrekseti haikuishusha zaidi. Jaribio la CANTOS, lililochapishwa miaka miwili kabla, lilichagua watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu, likawapa dawa nyingine inayozima kemikali moja ya mchochota, na matukio ya moyo yakapungua kwa takriban asilimia 15. Tukiyasoma majaribio haya mawili pamoja, tunaona kwamba kuzima mchochota kunaukinga moyo pale ambapo mchochota upo na dawa imefaulu kuuzima. Mgonjwa wa baridi yabisi iliyowaka ndiye hasa mtu huyo.

Wengine wataogopa dawa zenyewe, na woga huo una msingi. Methotrekseti humezwa mara moja tu kwa wiki. Aliyeimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi ya pakiti anaweza kufa, na kwa hiyo siku ya dawa iandikwe kwa jina lake, Jumatatu au Ijumaa, na mgonjwa airudie kwa mdomo wake kabla ya kuondoka. Haimfai mjamzito wala anayetarajia kushika mimba, pombe inazidisha madhara yake kwenye ini, na damu hupimwa mara kwa mara. Dawa mpya za sindano zinazozuia kemikali ya TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu, basi kipimo hutangulia na dawa ya kinga hutolewa kwa anayeihitaji. Tena haziwafai wenye moyo ulioshindwa vibaya, kwani infliximabu, mojawapo ya sindano hizo, kwa kipimo kikubwa iliongeza vifo na kulazwa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Vidonge vya tofasitinibu, dawa nyingine ya ugonjwa huu, vimeonekana kuleta matukio mengi zaidi ya moyo kuliko sindano hizo kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walio na sababu nyingine ya hatari. Hidroksiklorokwini, ambayo wagonjwa wengi huivumilia vizuri, mara chache huharibu misuli ya moyo baada ya miaka mingi. Yote haya ni sababu ya kuchagua dawa kwa makini, daktari wa viungo na wa moyo wakisomeana mafaili. Hayaufanyi mchochota usiotibiwa kuwa salama zaidi.

Gharama nayo ni pingamizi la kweli, lakini si kwa ngazi zote. Methotrekseti na hidroksiklorokwini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake haifanani hata kidogo na ya sindano mpya. Kinachokosekana zaidi ni madaktari bingwa wa viungo, ambao katika nchi zetu ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kwa hiyo kazi ya kuulizia moyo haina budi kufanywa na daktari wa kawaida na muuguzi wa kliniki, wakiwa na mashine ya presha na ECG. Wapime pia sukari na mafuta ya damu, wakikumbuka jambo linalowapotosha wengi: mchochota ukiwa mkali, kolesteroli hushuka, na karatasi yenye namba nzuri inaweza kuwa ya mtu mwenye hatari kubwa. Wataalamu wa Ulaya wanashauri hatari ya moyo ikokotolewe walau kila miaka 5, na jibu lizidishwe kwa 1.5 ikiwa kikokotoo hakijauhesabu ugonjwa huu. Sigara iachwe, kwa kuwa huchochea viungo na moyo kwa pamoja. Na aliyetibiwa maji ya mfuko wa moyo arudi kwenye eko tarehe aliyopangiwa hata kama hasikii chochote, huku akiendelea na dawa yake ya wiki, kwa sababu wengi huiacha mara tu kifua kinapotulia, na ugonjwa ulioyaleta maji hayo bado upo mwilini.